Lundo Nyuma ya Mashine ya Kukoboa

Mimi gari langu halibadilishwi oili nyumbani. Vijana wa gereji wameshanizoea. "Mama, tuje hukohuko kwako, usisumbuke," nami nawajibu nitalileta mwenyewe, nitangoja kwenye benchi kama wateja wengine. Wananiona nina madaha. Waache wanione hivyo.

Sasa mwezi uliopita nilisafiri, na mwanangu, kwa nia njema kabisa, akamwita fundi nyumbani ili nikirudi nikute gari tayari. Nilishuka kwenye bodaboda getini na begi langu mkononi. Filta ya zamani ilikuwa imelazwa juu ya kipande cha boksi karibu na banda la kuku, inadondosha polepole, na boksi lote lilikuwa limeshalowa. Kijana yule alikuwa amechota pumba za mpunga kwenye kiroba cha kuku wangu, amezimwaga juu ya madoa ya oili pale kwenye saruji, anazisugua kwa ndala. Akaniamkia vizuri tu. "Shikamoo mama. Usijali, nikishazikusanya nazichoma pale nyuma, hutaona hata doa."

Mwanangu anasema nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Mimi nakumbuka harufu tu. Oili iliyotumika ina harufu yake, na pumba kavu zina harufu yake, lakini zikichanganyika zinatoa kitu cha tatu, kizito, chenye utamu fulani mbaya unaobaki kooni. Nilikuwa sijakinusa tangu nikiwa mtoto Ifakara. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango, mtu mzima na heshima zangu, begi mapajani, nikamwomba yule kijana pumba zile azitie kwenye ndoo, amimine maji, na kiberiti akiweke mbali. Alinitii, lakini nilimwona anamtazama mwanangu kama anayeuliza, mama yako mzima kweli?

Sikuwaeleza. Nawaeleza ninyi, wenzangu mliokulia bonde lile, kwa sababu ninyi lundo la pumba mnalijua.

Tuliishi Lumemo. Baba alikuwa fundi wa mashine ya kukoboa mpunga. Mashine haikuwa yake, ilikuwa ya tajiri mmoja mwenye duka mjini, mtu wa pwani, mpole wa sauti lakini mkali kwenye kazi. Ndani ya banda la mabati kulikuwa na injini iliyong'olewa kwenye lori bovu ikafungwa juu ya zege, na mkanda mrefu uliokwenda kuzungusha kinu. Wakati wa mavuno watu walikuja na magunia juu ya baiskeli, wengine wakitoka mbali, Namawala huko, wakapanga foleni tangu asubuhi, wakibishana habari za vyama vingi vilivyokuwa vimeingia juzijuzi, na vumbi la pumba likiwakalia kwenye kope. Nyuma ya banda, bomba lilitema pumba mchana kutwa. Lundo lilikuwa refu kuliko banda lenyewe. Mimi na dada yangu Tekla tulipanda juu yake na vipande vya boksi tukateleza mpaka chini, tukarudi nyumbani tunajikuna, mama akatukimbiza na ufagio.

Tekla alikuwa mtoto wa kwanza. Kwa hiyo mama alikuwa Mama Tekla, na baba, ambaye mashineni walimwita Fundi, nyumbani alikuwa Baba Tekla. Mama hakuwahi kumwita jina lingine. Mimi, Imelda, niliyefuata nyuma yake kwa miaka kadhaa, nilikuwa Imelda tu, sina mtu aliyeitwa kwa jina langu, na nilikuwa na wivu nalo jambo hilo, nisiwadanganye. Tekla alikuwa mrefu, mwenye maneno, mwenye kucheka kwa pua. Alinitania kutwa. Nilimpenda mpaka nikawa natembea kama yeye, mguu wa kulia nje kidogo, mama akauliza nimeumia wapi.

Siku nilizozipenda kuliko zote ni zile za kumwaga oili. Mashine ilisimama, foleni ikaambiwa ije kesho, na kimya kikaingia kwenye lile banda ambalo siku zote lilikuwa likitetemeka. Baba aliwasha injini kidogo ipate moto, maana oili ya baridi haishuki yote, kisha akazima, akalala chali, akafungua nati ya chini. Oili nyeusi ikaanguka ndani ya karai. Hapo hapakuwa na shida. Shida ilikuwa filta. Ilikuwa imekaza, na chombo cha kuifungulia hakuna, basi baba aliitoboa kwa bisibisi, akigonga kwa nyundo ndogo mpaka bisibisi itokee upande wa pili, ndipo akaizungusha kwa nguvu zote. Filta ikitobolewa hivyo inamwaga. Oili ilimtiririka mkononi mpaka kwenye kiwiko, ikadondokea kwenye zege, kwenye miguu yake, nyingine ikaruka hadi ukutani. "Tazama mwanaharamu huyu," baba aliiambia filta, akiicheka, akaipindua ndani ya kopo la rangi ijimalizie kutiririka.

Zamani baba hakujali sana madoa. Lakini kuna mama mmoja wa Namawala alirudisha mchele wake, akaumwaga chini mbele ya foleni nzima, akasema nuseni wenyewe, nimewapikia wageni oili. Tajiri alikuja siku ileile. Alizunguka banda taratibu, mikono nyuma, akamwambia baba, "Fundi, nikiona tone moja humu, tafuta kazi nyingine." Tangu hapo baba akawa na utaratibu wake. Alimwaga pumba kavu juu ya oili iliyomwagika, akazisugua kwa mguu mpaka zikainywa yote, akafagia, akamwaga tena, akafagia tena, mpaka zege likawa safi. Pumba zile zilizolowa hakuweza kuziacha pale nje, kwa sababu akina mama walikuja kuchota za kuwashia majiko yao na za kutandikia kuku, na wachoma matofali nao walikuja na viroba. Alizibeba kwenye gunia mpaka nyuma kabisa ya lundo, upande wa mitaroni ambako tajiri hafiki, akachimba kishimo kwa mkono, akazimimina humo, akawasha kiberiti. Zikiwaka kidogo na moshi mweusi ukianza kupanda, alizifukia. Alivuta pumba kavu kutoka juu, akazimwaga mpaka moshi ukatike, akashindilia kwa kiganja.

"Injini ikikataa kuzima," aliniambia, "unaiziba pumzi. Unatia kitambaa pale inapovutia hewa, inakufa palepale. Na moto ni hivyohivyo." Aliijua injini baba yangu. Kwa hiyo alidhani ameujua na moto.

Siku moja nilimuuliza anafanya nini pale nyuma. Alikuwa na furaha siku hiyo, kazi imekwisha mapema. Akasema, "Nalilisha lundo, mwanangu. Linapenda mafuta hili." Basi, kwangu ikawa hivyo. Nilikuwa mtoto wa meno ya mbele yaliyong'oka, sijamaliza hata mwaka mmoja shuleni, na baba alikuwa hajawahi kunidanganya. Nilimwona kwa macho yangu akilipa chakula na kulifunika. Halafu asubuhi za baridi, ukipita kwenda shule, lilikuwa linatoa moshi mwembamba juu kileleni, mweupe, unaotoka na kukatika, unatoka tena. Nikamwambia Tekla lundo linapumua. Yeye akaona hiyo nafasi haiachwi. "Linapumua ndiyo. Na lisiposhiba linakula watoto vibogoyo, wanateremka vizuri hawana mifupa." Tangu siku hiyo nilipoteleza juu yake nilifunga mdomo.

Msimu ule mchwa walitushinda. Walipanda kwenye nguzo za kihenge cha mpunga, mama akazikwangua, wakarudi. Akamwambia baba, "Baba Tekla, safari hii ukimwaga oili usimpe mtu, niletee yote, hadi ile ya kwenye filta. Nipake nguzo." Baba akaleta. Karai lote la oili alilimimina kwenye dumu, na filta akaileta ndani ya kopo lake, mama akaiweka chini ya kihenge iendelee kudondosha. Nyuma ya lundo alipeleka gunia dogo tu, pumba za kufagia zege. Nilikwenda naye. Nilimwona akizimimina, akiwasha, akizifukia. Nikamwambia, "Baba, leo ni kidogo." Akasema, "Leo lifunge."

Siku kadhaa zikapita. Ikanyesha manyunyu, yale yanayokuja bila kutegemewa, na pumba za upande wa mbele zikalowa. Mama alitutuma tukachote za jiko lake. Mimi nilishika kamba, Tekla alishika kiroba. Bwana Kanuti, mchoma matofali aliyekuwa akiishi peke yake kando ya mto, alikuwa upande wa chini anajaza viroba vyake na kuvifunga kwenye baiskeli. Tulimwamkia, akaitika. Ndani ya banda injini ilikuwa ikinguruma. Tekla akasema hizi za mbele ni maji matupu, ngoja nipande kwa nyuma nichukue za juu. Akapanda.

Nilimwona anakuwa mfupi. Nilidhani amechutama. Hapakuwa na moto, wala moshi wa maana, pumba zilikuwa za njano vilevile na jua linawaka. Alikuwa ameingia mpaka kiunoni, ananitazama, uso wake umeshangaa tu, kama mtu aliyekanyaga mahali palipo na maji asiyoyategemea. Kisha akalia. Sitaelezea kile kilio. Bwana Kanuti alitupa viroba vyake viwili juu ya lundo, akalala kifudifudi juu ya viroba hivyo, akajisukuma mpaka alipomfikia, akamshika kwapani. Alipomvuta, shimo lilifunguka na ndani yake mlikuwa mwekundu. Mikono ya Bwana Kanuti iliingia humo hadi kwenye viwiko, na hakumwachia.

Baba hakusikia kitu kwa sababu ya injini. Mimi ndiye niliyekwenda kumvuta shati.

Tajiri alitoa gari lake, Tekla akapelekwa hospitali, na mama akabaki naye hukohuko. Alasiri watu walijaa mashineni. Walimwaga maji ndoo kwa ndoo, wakazungushia miiba. Mtu mmoja akauliza, moto huu umetoka wapi? Baba alikuwa ameegemea mlango wa banda, nguo zake bado zina masizi. Akainua mkono akaonyesha viroba vya Bwana Kanuti vilivyokuwa vimeungua pale juu. "Nani mwingine hapa anashinda na moto? Mtu anachota pumba na viroba, na viroba hivyohivyo ndivyo anavyozolea majivu ya tanuru lake. Amevikung'uta hapa." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Bwana Kanuti hakuwepo kujibu, alikuwa amekwenda kufungwa mikono. Vijana waliposikia hivyo wakateremka mtoni, wakakanyaga matofali yake mabichi yaliyokuwa yameanikwa, yote, wakasukuma na tanuru.

Mpaka leo sijui kama baba alidanganya au aliamini. Nimeligeuza suala hilo miaka na miaka. Kuna siku nasema hawezi kuwa hakujua. Kuna siku nauona uso wake pale mlangoni na nasema, huyu mtu angekuwa anajua asingeweza kusimama. Nakasirika siku zote mbili.

Mimi sikufikiria habari za majivu hata kidogo. Mimi nilijua kilichotokea. Lundo lilikuwa na njaa.

Waliponipeleka kumwona Tekla, alikuwa ndani ya chandarua, shuka limeinuliwa juu ya miguu yake kwa mbao lisiiguse. Mama alikuwa upande wa kichwani na kikombe. Midomo ya Tekla ilikuwa imepasuka, lakini aliponiona alitaka kucheka, nikaona pua yake inajaribu. "Imelda," akasema, "wewe bado hujaliwa?"

Nikasema bado.

"Mimi limeanza na miguu. Bado linatafuna."

Mama alimwambia anyamaze asijichoshe. Alikuwa ananitania tu, dada yangu, alitaka nisiogope. Lakini mimi nilitoka pale nikiwa na kazi ya kufanya. Kama lilikuwa bado linatafuna, basi lilikuwa bado halijashiba, na chakula chake nilikuwa najua kilipo.

Kesho yake baada ya shule nilitoa kopo la rangi chini ya kihenge. Filta ilikuwa ndani yake bado, imezama nusu. Lilikuwa zito, nikalibeba kwa mikono miwili kifuani, na kila hatua likamwagika kidogo kwenye sare yangu, kwenye magoti, njiani. Nilikutana na watu na hakuna aliyeniuliza. Nilipita upande wa mitaroni, nikainama chini ya miiba, nikafika pale alipokuwa anachimba baba. Pumba zilikuwa baridi na zimegandamana kwa yale maji. Nikachimba kishimo. Nikamimina. Nikaweka na filta yenyewe, kwa sababu niliona hapa si mahali pa kubana. Nikaanza kufukia kwa viganja, nikiongea nalo kwa adabu, kama nilivyofundishwa kuongea na wakubwa. "Shikamoo. Hii ni yako yote. Mwachie Tekla."

Baba alinishika mkono kutoka nyuma akaninyanyua mzimamzima. Alikuwa amefuata matone. Alinitoa nje ya miiba na kuniweka kwenye majani. "Unafanya nini? Unafanya nini hapa, wewe mtoto, unataka kuniua?"

"Nalilisha."

"Unalilisha nini?"

"Lundo, baba. Ile siku uliliwekea chakula kidogo, oili yote alichukua mama. Nilikwambia ni kidogo. Ukasema lifunge."

Aliachia mkono wangu.

"Tekla amesema bado linatafuna," nikamweleza, maana nilimwona haelewi. "Likishiba litamwachia."

Baba alichutama mbele yangu. Uso wake ulikuwa karibu na wangu, nikaona mistari midogo ya oili kwenye mikunjo ya shingo, ile isiyotoka kwa sabuni. Akauliza taratibu sana, "Nililiwekea wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Alitazama pale, kisha akainua macho polepole akifuata mteremko wa lundo kwenda juu, mpaka kwenye lile shimo alilozama Tekla. Lilikuwa juu yake moja kwa moja.

Aliniambia nisisogee. Akaenda bandani akarudi na sepetu, akaanza kuchimba kuanzia pale kwenye filta yangu. Alichimba bila kupumzika. Pumba za njano zilikuwa ngozi tu. Chini yake kulikuwa na njia nyeusi, majivu yaliyolowa maji, inaanzia kwenye vile vishimo vyake na kupanda ndani kwa ndani, inatanuka kadiri inavyopanda. Aliifuata kwa sepetu hatua kwa hatua, akizidi kupanda, hadi alipotokea shimoni. Hapo akasimama, sepetu mkononi, amezama mpaka magotini kwenye majivu baridi, pale pale. Injini ilikuwa inanguruma bandani na hakuna mtu wa kuisimamia. Nilimwita akaniangalia kama hanifahamu.

Nyumbani alinivua sare akaifua mwenyewe. Haikutakata.

Tekla alifariki asubuhi iliyofuata, mama akiwa amekwenda kuosha kikombe. Na mimi, niwaambie ukweli wa mtoto, sikumlilia kwanza. Nilimkasirikia baba. Nilijua kwa nini amekufa: nilikuwa sijamaliza kufukia, na baba akanikatiza. Nilikaa na jambo hilo moyoni muda mrefu kuliko mnavyofikiri, mpaka nilipokuwa msichana mkubwa na akili zangu, ninapika jikoni, ndipo siku moja nikaelewa ni kitu gani hasa nilimwambia baba yangu pale kwenye majani. Nikaipua sufuria nikakaa chini.

Mazishi yalikuwa mchana. Padre alikuwa amemaliza sala, kaburi limefukiwa nusu, na mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa anasimamia wanaume. Tukamwona Bwana Kanuti anakuja kwa njia ya makaburini, anasukuma baiskeli kwa viwiko kwa sababu viganja vyake vyote viwili vilikuwa vimefungwa bendeji. Nyuma ya baiskeli amefunga matofali ya kuchoma, yale machache yaliyobaki mazima kwenye tanuru lake. Kwetu mtoto hujengewa kaburi kwa tofali, mnajua, na familia ilikuwa bado haijayapata. Mjomba alimwendea akashika usukani. "Rudi," akamwambia. "Rudi nayo. Huna aibu? Umemuua mtoto halafu unamletea tofali?"

Bwana Kanuti alisimama tu na baiskeli yake. Bendeji za mikono yake zilikuwa zimeloa.

Baba alikuwa upande wa pili wa kaburi. Aliangusha jembe. "Mwache apite," akasema.

Mjomba akasema, "Shemeji, wewe umechanganyikiwa, pumzika."

"Mwache apite. Moto ule ni wangu. Nilikuwa nachoma pumba zangu za oili kule nyuma, nazifukia, nikidhani nimezizima. Kila nikimwaga oili. Huyu hajaleta jivu lolote pale. Huyu ndiye aliyemtoa." Kisha akasema kwa sauti ndogo, akimwambia Bwana Kanuti peke yake, "Nisamehe."

Mjomba aliachia usukani. Bwana Kanuti alimtazama baba, akatazama kaburi, akauliza, "Nayashushia wapi?" Baba akamwonyesha. Na kwa vile hakuweza kuyashika, baba aliyashusha mwenyewe, moja baada ya jingine, akayapanga.

Mama alikuwa katikati ya wanawake, kanga imemfunika mpaka kwenye paji la uso. Nilikuwa nimemshika kiuno. Nilimsikia akivuta pumzi wakati baba anasema, akaishikilia, nikasubiri aitoe. Sikusikia akiitoa.

Wakati wa matanga mama hakuongea na baba, lakini watu walikuwa wengi na hakuna aliyeona. Baba alilala nje na wanaume. Tajiri alikuja kutoa pole, akamwambia kazi yake ipo akitaka, baba akasema hataki. Siku watu walipotawanyika, mikeka ikakunjwa, nyumba ikabaki na sisi watatu. Mama akaingia jikoni kwa mara ya kwanza. Alipika wali na perege, akapakua, akatandika mkeka uani wakati jua bado lipo. Baba alikuwa ameketi kwenye kigogo karibu na kihenge, mgongo wake umetuelekea.

Mama akasimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa.

"Baba Imelda," akaita. "Chakula."

Baba hakugeuka. Alidhani anaitwa mtu mwingine. Mimi niliinua kichwa kwa kusikia jina langu mahali ambapo halijawahi kuwa, nikamtazama mama, naye hakunitazama. Alikuwa ameshikilia jagi kwa mikono miwili.

"Baba Imelda," akarudia, polepole, ili amsikie.

Ndipo baba alipogeuka. Alikaa hivyo kidogo, anamtazama mama, na niliona anaelewa. Kisha akainuka, akaja, akanyoosha mikono juu ya beseni, na mama akammiminia maji.